Massachusetts 1812: ramani ya Gavana Gerry ilihusu Congress au Seneti ya jimbo?

Kibokoni_Juu

Salaam aleikum wanajukwaa. Natayarisha kipindi cha saa moja na nusu kwa klabu ya historia ya shule moja ya sekondari hapa Mombasa. Mada ni uchaguzi wa jimbo la Massachusetts baada ya mipaka kuchorwa upya kufuatia sensa ya 1810. Vijana wengi wamewahi kuiona ile katuni ya joka lenye mabawa na makucha lililochorwa juu ya ramani, kwa hivyo pa kuanzia papo. Shida ni kwamba maandishi ninayoyapata yanachanganya mambo.

Kwanza, mengine yanasema joka lile ni ramani ya viti vya Congress, mengine ya Seneti. Lipi ni lipi? Pili, Massachusetts ilikuwa na viti 17 vya Congress ikapanda hadi 20. Hesabu yake ilifanywaje? Tatu, na hili ndilo linalonikera: kwenye majedwali ya matokeo ya Congress ya enzi zile, eneo bunge moja lina tarehe mbili, na mahali pengine mgombea anaongoza lakini hakuandikwa mshindi. Ni makosa ya chapa ama kuna kanuni nyuma yake? Mwisho naomba mfano wa hesabu ambao mwanafunzi anaweza kuufanya ubaoni bila kikokotoo.

Naomba majibu yenye tarehe na takwimu, si hotuba. Shukran.

Maalim_Tudor

Wa aleikum salaam. Swali la kwanza ndilo linalowaangusha wengi. Joka lile ni la Seneti ya jimbo. Sheria aliyoitia saini Gavana Elbridge Gerry tarehe 11 Februari 1812 iligawa Massachusetts katika wilaya za kuchagua maseneta 40 wa bunge la jimbo, waliokuwa wakikutana Boston. Maseneta hao walichaguliwa kila mwaka, na kura ya kwanza chini ya mipaka hiyo ilipigwa Aprili. Congress ni habari nyingine kabisa: wabunge wa kwenda Washington, maeneo bunge mengine, kura ya Novemba. Na kati ya Aprili na Novemba Marekani ilitangaza vita dhidi ya Uingereza, tarehe 18 Juni, vita ambavyo watu wa bandari za Massachusetts hawakuvitaka hata kidogo kwa sababu riziki yao ilikuwa baharini. Ukichukua kura za Aprili ukazibandika juu ya mipaka ya Novemba, utakuwa umepika pilau kwa viungo vya samaki wa kupaka.

Jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka, na mimi naliona ndilo zito: viti vya Seneti havikugawanywa kwa idadi ya watu. Katiba ya Massachusetts ya 1780 ilivigawa kwa kufuata kodi iliyolipwa na kila wilaya. Wilaya zisipungue 13, na hakuna wilaya inayopata zaidi ya maseneta sita. Kwa hivyo hata kabla ya mtu kushika kalamu ya kuchora, pesa zilikwisha kupewa uzito kuliko vichwa. Desturi ilikuwa kuichukua kaunti nzima kama wilaya. Kilichofanywa na chama cha Republican (cha Jefferson na Madison, wala si hiki cha leo) walipokuwa na gavana pamoja na mabaraza yote mawili ni kuivunja desturi hiyo na kuzikata kaunti vipande. Katiba haikuwazuia.

Kaunti ya Essex, kaskazini mwa Boston, ndiyo iliyozaa joka. Kipande kimoja kilianzia Chelsea, mji ambao haukuwa hata wa Essex bali wa kaunti ya Suffolk, kikafuata pwani hadi Lynn, Marblehead na Salem, kikageuka kuelekea bara kupitia Danvers na Andover, kikapanda Methuen na Haverhill, kisha kikarudi mashariki kupitia Amesbury mpaka kikagusa bahari tena pale Salisbury, mpakani na New Hampshire. Ndani ya upinde huo zikabaki Ipswich, Gloucester, Newburyport na jirani zao. Newburyport ilikuwa ngome ya Federalist, chama kilichopingana na Republican, na ndiyo sababu ikafungiwa ndani. (Kwa vijana wako: Salem hii ndiyo ambayo wafanyabiashara wake baadaye walileta kitambaa cha merikani Zanzibar. Hapo watafungua macho.)

Gazeti la Boston Gazette lilichapisha mchoro huo tarehe 26 Machi 1812, yaani siku chache kabla ya kura. Jina la gavana likaunganishwa na la salamanda (mnyama anayefanana na mjusi), likazaliwa neno "gerrymander", yaani kuchora mipaka kwa faida ya chama, na mpaka leo limemganda. Ukilisoma darasani, Gerry hutamkwa kwa G ya "gari".

Matokeo ya Aprili kwa Seneti: Federalist kura 51,766, viti 11. Republican kura 50,164, viti 29.

Takwimu_Kisauni

Niongeze asilimia kwa sababu mtu akiziona ndipo anashtuka. Jumla ya kura ni 101,930. Republican walipata 49.2 kwa mia ya kura na 72.5 kwa mia ya viti. Federalist 50.8 kwa mia ya kura, 27.5 ya viti.

Sasa swali la pili, la viti 17 hadi 20. Ni hesabu ya darasa la sita. Congress ilipitisha sheria Desemba 1811 kwamba kila watu 35,000 ni kiti kimoja, na masalio yote yanatupwa. Hakuna kukadiria kwenda juu. Wakati huo Maine haikuwa jimbo, ilikuwa sehemu ya Massachusetts iliyotengana nayo kijiografia, kwa hivyo unajumlisha:

Massachusetts yenyewe 472,040
Maine 228,705
Jumla 700,745

Gawanya kwa 35,000 unapata 20.02. Yaani kiti cha 20 kimepatikana kwa watu 745 wa ziada. Wangehesabiwa watu 746 pungufu katika jimbo zima, kiti kimoja kingepotea. Kwa sensa ya 1800 kizio kilikuwa 33,000: watu 574,564 ukigawanya unapata 17.41, ndiyo 17.

Walinganishe na New Jersey katika sensa hiyo hiyo ya 1810. Watu 245,562, na kati yao 10,851 walikuwa watumwa. Katiba ya Marekani ilimhesabu mtumwa kuwa tatu ya tano ya mtu katika mgawo wa viti, kwa hivyo chukua walio huru 234,711, ongeza 6,510, jumla 241,221. Gawanya kwa 35,000: 6.89. Wakapewa sita. Masalio ya watu zaidi ya 31,000 yakaenda na maji, huku Massachusetts ikila kiti kizima kwa watu 745. Mpe mwanafunzi majimbo haya mawili bila kumwambia jibu, umwache agundue mwenyewe kwamba dhuluma inaweza kuingia kabla mpaka wowote haujachorwa.

Angalizo moja: Massachusetts haina hesabu ya tatu ya tano kwa kuwa utumwa ulikuwa umekwisha huko. Ukiwapa Virginia au Maryland usisahau kuipiga, la sivyo viti vitatoka vingi kuliko walivyopata.

Karani_Makadara

Swali la tatu. Si makosa ya chapa.

Massachusetts haikumtangaza mshindi kwa kuongoza tu. Mgombea wa Congress alitakiwa apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa katika eneo bunge. Asipopatikana, gavana anatoa amri uchaguzi urudiwe katika eneo hilo peke yake, kwa tarehe nyingine. Na mara ya pili kanuni ni ile ile, zaidi ya nusu. Haikuwa kama duru ya pili ya urais tunayoijua Kenya, ambapo wanabaki wawili na mmoja lazima ashinde. Wagombea wote walikuwa huru kurudi, na wapya kuingia. Kwa hivyo iliwezekana kurudia tena na tena.

Chukua mfano wa kubuni: kura 4,000. Nusu ni 2,000, kwa hivyo kinachohitajika ni 2,001. Bwana A ana 1,990, Bwana B ana 1,940, na kura 70 zimetapakaa kwa majina mengine kumi na mawili, chache chache. A anaongoza kwa kura 50 lakini hajachaguliwa. Zile 70 ndizo zilizomkwamisha. Katika majedwali utaziona zimekusanywa mstari mmoja, kama "wengineo". Mtu akinakili jedwali akaufuta mstari huo kwa kuuona hauna maana, hesabu yake haitafunga: ataona A ana 1,990 kati ya 3,930, asilimia 50.6, na atashangaa kwa nini uchaguzi ulirudiwa. Makosa haya yamejaa kwenye intaneti.

Sababu ya kura kutapakaa ni namna zilivyopigwa. Hakukuwa na karatasi ya serikali yenye majina na picha. Mpiga kura alikuja na kikaratasi chake chenye jina, akakitumbukiza mbele ya wazee wa mji kwenye mkutano wa mji. Wao wakahesabu, karani wa mji akaandika majina yote na idadi zake kwenye daftari, nakala ikafungwa kwa lakiri na kupelekwa kwa katibu wa jimbo. Majumlisho yakafanywa kule. Hapo katikati mambo matatu huharibika. Jina linaandikwa kwa tahajia mbili au tatu, na karani mwaminifu anaziandika kama watu watatu. "Mdogo" baada ya jina linaachwa, na baba na mtoto wote ni watu mashuhuri katika kaunti moja (Artemas Ward aliyechaguliwa Boston 1812 ni mtoto, baba yake ndiye jenerali wa vita vya uhuru). Na taarifa ya mji mzima inachelewa au inakataliwa kwa kukosa saini. Ukikuta jumla mbili tofauti za eneo bunge moja, kabla ya kumlaumu mwandishi tazama kama moja imeacha mji.

Nani alipiga kura? Katiba ya Marekani inasema anayestahili kuchagua baraza kubwa la bunge la jimbo lake ndiye anayemchagua mbunge wa Congress. Massachusetts ilimtaka mwanamume wa miaka 21 au zaidi, mkaazi wa mji kwa mwaka, mwenye ardhi ya kumwingizia pauni tatu kwa mwaka au mali yoyote ya thamani ya pauni 60. Kwa hivyo usiwaambie vijana kwamba kura ni kipimo cha watu. Watu 35,000 wa eneo bunge wangetoa wapiga kura elfu chache tu.

Kibokoni_Juu

Ahsanteni sana, hasa hilo la "wengineo", kwani kweli jedwali nililonalo halina mstari huo. Sasa, kwa Congress yenyewe Novemba 1812: je, Republican walivuna kama walivyovuna Seneti?

Maalim_Tudor

Hapana, walizama. Federalist walichukua sehemu kubwa ya viti 20. Timothy Pickering, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje chini ya Washington na Adams, alirudi Congress kutoka Essex. Cyrus King, ndugu wa kambo wa Rufus King (mwanasiasa mashuhuri wa Federalist), alichaguliwa kutoka Maine. Josiah Quincy wa Boston, mpinzani mkali wa vita, hakugombea tena.

Chukua kwanza hili: anguko lilikwisha kuonekana Aprili ile ile. Gavana huchaguliwa na jimbo zima, hakuna mpaka wa kuchora, na Gerry alishindwa na Caleb Strong kwa tofauti ya kura zaidi kidogo ya elfu moja. Baraza la Wawakilishi la jimbo nalo likaenda kwa Federalist, kwa sababu viti vyake vilikuwa vya miji na mji hauwezi kuukata katikati kwa sheria ya Februari. Seneti peke yake ndiyo iliyobaki mikononi mwa Republican. Ukitaka jaribio safi la kisayansi la nguvu ya mipaka ndilo hili: wapiga kura wale wale, msimu ule ule, nafasi tatu, na ile moja iliyochorwa ndiyo pekee iliyokwenda kinyume.

Mwaka uliofuata Federalist waliishika na Seneti, na sheria ikafutwa 1813. Gerry mwenyewe hakufa njaa. Aliapishwa kuwa makamu wa rais wa Madison Machi 1813, akafariki Novemba 1814 akiwa bado ofisini. Huelezwa kwamba hakuifurahia ile sheria alipoitia saini. Mimi simwonei huruma: saini ni saini.

Takwimu_Kisauni

Mfano wa ubaoni huu hapa. Vyama viwili, Kaskazi na Kusi. Wilaya tano, kila moja wapiga kura 1,000. Kusi ana wafuasi 2,600, Kaskazi 2,400. Anayechora ni Kaskazi.

Wilaya ya kwanza mjazie Kusi: 900 kwa 100. Wafuasi wa Kusi waliobaki ni 1,700, wa Kaskazi 2,300. Wagawanye sawa katika wilaya nne zilizobaki, kila moja Kusi 425 na Kaskazi 575. Kaskazi anachukua wilaya nne kati ya tano akiwa na asilimia 48 ya kura. Mwanafunzi akishika hapo amekwisha kuielewa Essex: ule upinde wa nje ni zile 575, na Newburyport na wenzake ndani ni zile 900.

Kisha waulize inaharibika vipi. Watu 76 katika kila moja ya zile wilaya nne wakihama kutoka Kaskazi kwenda Kusi, inakuwa 499 kwa 501, na Kaskazi amepoteza zote tano kwa pigo moja. Mchoraji mwenye tamaa hujitandaza mwembamba, na akijitandaza hivyo hana akiba ya siku mbaya. Kura 304 tu kati ya 5,000 zimemtoa viti vinne hadi sufuri. Mchoraji mwoga zaidi angejipangia wilaya tatu za 650 kwa 350, na angeachiwa 450 za kutupa katika mbili zilizobaki. Waache wakokotoe wenyewe kwamba huyu wa pili anahitaji watu 151 wahame katika kila wilaya kabla hajaangushwa.

Hayo ya Maalim kuhusu 1813 yanaingia hapa hapa.

Jomvu_Kuu

Nakubaliana na yote isipokuwa kitu kimoja: mnamfanya Gerry kama mvumbuzi. Ukitaka mchezo wa mipaka unaohusu Congress moja kwa moja, mwaka ule ule, nenda New Jersey, na huko waliocheza ni Federalist.

Sheria ya Marekani wakati huo haikulazimisha jimbo kuwa na maeneo bunge hata kidogo. Ilikuwa hiari. New Jersey ilizoea orodha ya jimbo zima: kila mpiga kura anaandika majina sita, na wenye kura nyingi ndio wanaokwenda. Katika mfumo huo chama chenye asilimia 51 huzoa vyote. Federalist walipolipata bunge la New Jersey mwisho wa 1812, walijua kwamba kwa jimbo zima hawashindi. Wakaifuta orodha, wakakata jimbo maeneo matatu, kila eneo wabunge wawili. Kura ikapigwa Januari 1813: Republican viti viwili (eneo la kaskazini, ambako walikuwa wengi kupita kiasi), Federalist vinne. Mwaka wa 1814 orodha ya jimbo zima ikarudishwa, na Republican wakachukua vyote sita.

Na Novemba ile ile ya 1812 bunge hilo hilo liliwanyang'anya wananchi kura ya kuchagua wajumbe wa urais, likawateua lenyewe, wote wanane wakampigia DeWitt Clinton, mpinzani wa Madison.

Kwa hivyo nikiwa wewe, ndugu Kibokoni, ningeweka New Jersey kando ya Massachusetts. Massachusetts inafundisha umbo la mpaka. New Jersey inafundisha kwamba unaweza kuiba bila kuchora kitu cha ajabu: vipande vyake vitatu havina mabawa wala makucha, na hakuna mchora katuni aliyehangaika navyo.

Maalim_Tudor

Jomvu, sikusema amevumbua. Lakini hoja ya New Jersey naipokea. Niongeze tu kwamba Congress ilikuja kulazimisha maeneo bunge ya mtu mmoja mmoja, yenye ardhi iliyoungana, mwaka 1842. Usawa wa idadi ya watu kati ya maeneo bunge ya jimbo moja ulisubiri hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1964. Kwa hivyo katika 1812 kutokulingana hakukuwa kosa la kisheria. Tazama Massachusetts yenyewe. Kati ya maeneo bunge 20, saba yalikuwa ya Maine na 13 ya Massachusetts ya kusini. Watu 228,705 kwa saba ni wastani wa 32,672. Watu 472,040 kwa 13 ni 36,311. Maine ilibebwa kwa watu 3,639 kwa kila eneo, na hakuna aliyekwenda mahakamani. Maine ilipokuwa jimbo mwaka 1820 mgawo huo huo ndio uliotumika kuachana: saba kwa 13.

Karani_Makadara

Vijana lazima watauliza kuhusu kwetu, kwa hivyo uwe na jibu. Ibara ya 89 ya Katiba ya Kenya imeweka maeneo bunge 290, na idadi ya watu isizidi wala isipungue mgawo wa wastani kwa zaidi ya asilimia 40 katika miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache, na asilimia 30 kwengineko. Kwa sensa ya 2019, watu 47,564,296 ukigawanya kwa 290 unapata takriban 164,015. Kaunti ya Mombasa watu 1,208,333 kwa maeneo sita (Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni, Mvita) ni wastani wa 201,389, yaani asilimia 23 juu ya mgawo. Wastani uko ndani ya mpaka wa 40. Jomvu na Nyali hazikuwepo kabla ya mipaka ya 2012. Mombasa ilikuwa na nne.

Lakini tahadhari, usiwaache waseme "basi Mombasa ni Essex". Wastani kuwa juu ya mgawo ni jambo moja, kuchora kwa kufuata kura za chama ni jambo la pili, na ili kulithibitisha la pili unahitaji matokeo ya kila kituo juu ya ramani, si idadi ya watu. Essex tunaijua kwa sababu kura za kila mji ziliandikwa na wachoraji walikuwa nazo mezani. Mji uliowapa ushindi wakauweka nje kwenye upinde, uliowanyima wakaufungia ndani.

Kibokoni_Juu

Nimeelewa. Basi nitaanza na kugawanya kwa 35,000, kisha Kaskazi na Kusi, kisha ndiyo niwaonyeshe joka. Swali dogo la mwisho: nikitaka chati moja ya Congress ya Massachusetts 1812, nijumlishe kura za maeneo yote 20 kupata asilimia ya chama?

Karani_Makadara

Unaweza, ila kwa mpango. Chukua kura za jaribio la kwanza peke yake kwa maeneo yote. Ukichanganya jaribio la kwanza la eneo moja na la pili la jingine, unahesabu siku mbili tofauti, na waliojitokeza mara ya pili hawalingani na wa mara ya kwanza. Eneo lililorudiwa liwekee alama, na mshindi wake umtoe kwenye jaribio lililomalizia. Mstari wa "wengineo" ubaki ndani ya jumla. Kwa chati yako usiweke kura za Seneti za Aprili kwenye mhimili huo huo, kwa sababu kule wilaya moja ilikuwa na nafasi kadhaa, na mpiga kura aliandika majina mengi kama nafasi zilivyo. Na pale ambapo mgombea hakupingwa, kura zake zitakuwa chache tu kwa vile watu hawakuona haja ya kutoka nyumbani. Usizisome kama chama kimepungukiwa na watu.

Takwimu_Kisauni

Na viti uviweke kwenye chati ya pili, pembeni. Mhimili wa viti uende 0 hadi 20, si asilimia. Vijana wakiona kiti kimoja ni mraba mmoja watahesabu kwa kidole.